Ovaroli za Baba Wawira

Mwaka jana, wakati kahawa ilikuwa inaanza kuiva, mwanamke mmoja wa Ruiri, upande wa Meru, ambaye sijawahi kumwona alinipigia simu. Alipewa namba yangu na wakili. Aliongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyejificha nyuma ya nyumba, akaniuliza kama ni kweli mtu anaweza kuugua kifua kwa sababu ya kufua nguo. Nikamwambia ni kweli. Kisha akauliza lile swali ambalo nadhani ndilo lililomfanya apige simu.

"Na watu ulikuwa unawaambia nini?"

 Kwa muda mrefu sikuwaambia watu kitu. Nilikuwa na aibu, na aibu hiyo ilinichelewesha kupata matibabu kuliko kitu kingine chochote. Kwa hivyo naandika hapa yale niliyoshindwa kumweleza kwa simu, yeye na mwingine yeyote ambaye anakohoa mahali akiwa amejificha.

Mimi naitwa Igoki. Kwetu Manyatta, juu kidogo ya mji wa Embu, watu wananiita mama Wawira, kwa jina la binti yetu. Mume wangu ni Njeru, nami namwita baba Wawira. Tulipokuwa vijana tuliishi Mombasa. Yeye alikuwa anafanya kazi kwenye chelezo, pale meli zinapotolewa majini zikarabatiwe. Kazi yake ilikuwa ndani, chini kabisa, kwenye vyumba vya injini. Walikuwa wanabandua ile kitu nyeupe iliyofunika mabomba ya mvuke na kuweka nyingine mpya. Hakuna aliyewaambia inaitwaje. Mimi nilichojua ni kwamba kila jioni mume wangu alirudi nyumbani akiwa mweupe kama mtu aliyetoka kwenye mashine ya kusaga unga, na kazi yangu ilikuwa kuzikung'uta zile ovaroli mlangoni, kisha kuzifua kwa mkono. Chelezo ilipopunguza watu tulirudi nyumbani, tukapanda kahawa na makadamia, tukasahau mambo ya meli.

Kikohozi kilinianza wakati wa mvua ndefu. Mwanzoni nilidhani ni baridi. Halafu nikaanza kushindwa kupanda kale kamlima ka kutoka kiwandani tunakopeleka kahawa. Nilikuwa nasimama katikati ya njia nikijifanya naangalia mashamba ya watu. Mtu akipita nilimsalimia, nikasifu maharagwe yake, nikangoja apotee ndipo niendelee. Ubavu wa kulia ulikuwa mzito, kana kwamba kuna mtu ameniwekea mfuko wa mchanga ndani.

Kitu kilichoniumiza zaidi sikukisema hata kwa Wawira. Nilipokohoa sana, mkojo ulinitoka. Si mara moja. Nilianza kujifunga vitambaa chini ya nguo, moja juu ya nyingine, na kubeba leso nyingine kwenye kiondo. Kanisani nilikuwa naimba kwaya, mstari wa mbele, sauti ya kwanza. Siku moja katikati ya wimbo kikohozi kilinishika, nikahisi ile joto ikishuka mguuni. Sikujua kama kuna mtu ameona. Niliketi hapo hapo wenzangu wakiwa wamesimama, na baada ya ibada nilibaki kwenye kiti mpaka kanisa likawa tupu. Jumapili iliyofuata nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Kwenye zahanati walinisikiliza kifua, wakaniambia ni TB. Makohozi hayakuonyesha kitu, lakini walisema wakati mwingine inajificha, kwa hivyo tuanze dawa. Silaumu mtu. Kwetu mtu akikohoa hivyo na kukonda, huwa ni TB. Nilianza dawa. Mkojo ukawa rangi ya machungwa, nikaona aibu hata ya choo changu mwenyewe. Mhudumu wa afya wa kijiji alikuwa anakuja kuhakikisha nameza, amevaa ile koti yake ambayo kila mtu anaijua. Kufikia wiki ya pili, njia yote ilikuwa inajua.

Mwenyekiti wetu wa kikundi cha akina mama alikuja kunitembelea. Ni mwanamke mzuri, tumelimiana mashamba tangu zamani. Hakuingia ndani. Alisimama pale kwenye veranda, mkono umeshika nguzo.

"Mama Wawira, tumeonelea upumzike kidogo," akasema. "Mambo ya kupika chai ya wageni tutamwachia mama Kariuki mpaka upone."

"Hakuna shida," nikasema.

"Si kwa ubaya."

"Najua."

Nilimletea chai. Alishukuru, akaiweka chini, na alipoondoka ilikuwa bado imejaa.

Baba Wawira naye alihamia chumba kile kingine. Alisema ni ili nilale vizuri. Nilimwona akibeba blanketi lake, nami sikumwambia abaki. Nilifikiri, hata mimi ningekuwa yeye ningehama.

Nilimaliza dawa zote za TB, miezi sita, mpaka kidonge cha mwisho, na nikawa mbaya kuliko siku nilipozianza. Wawira akasema basi, sasa unakuja kwangu. Yeye na mumewe wanaishi mtaa wa Dallas, pale Embu mjini, nyumba ya kupanga. Yeye ni mwalimu. Mumewe anaitwa Mwenda, Mmeru wa upande wa Buuri, anauza vipuri vya pikipiki. Nilikataa kwa muda. Kwetu kuna jambo linaloitwa nthoni. Ni heshima, na ni aibu pia, yote kwa neno moja. Mama mkwe na mkwewe hawazoeani. Hawakai kiti kimoja, hawali wakitazamana, na mwanamume hawezi kuona hata goti la mama wa mke wake. Vijana wa siku hizi wanacheka mambo hayo, lakini mimi sikulelewa na vijana wa siku hizi. Nilimwambia Wawira siwezi kwenda kukohoa kwenye nyumba ya mkwe. Alinijibu bila kuinua sauti.

"Sasa mama, unataka kufia hapa kwa sababu ya Mwenda?"

Nikaenda. Nilikaa chumba cha nyuma, nikawa natoka tu wakati nimesikia pikipiki ya Mwenda ikiondoka. Yeye naye alikuwa anajua. Akirudi alikuwa anakohoa kidogo mlangoni, kikohozi cha uongo, ili nipate nafasi ya kujifungia.

Asubuhi moja Wawira akiwa shuleni niliingia bafuni kuoga. Nilikuwa nimejipaka sabuni. Nilijaribu kuvuta pumzi na haikuja. Sijui namna ya kulieleza hili kwa mtu ambaye hajawahi kulipitia. Mdomo uko wazi, kifua kinajaribu, na hakuna kinachoingia. Nilijishika kwenye bomba, nikateleza, ndoo ikapinduka. Nakumbuka baridi ya sakafu kwenye shavu. Nakumbuka pia kwamba nilisikia miguu ya mtu sebuleni, na badala ya kufurahi niliomba Mungu asiwe yeye.

Alikuwa yeye. Alikuwa amesahau simu.

"Mama," akaita kutoka nje ya mlango. "Mama, uko sawa?"

Sikuweza kujibu.

"Mama, nisamehe. Naingia."

Alifungua mlango akiwa ameangalia juu, kwenye dari. Aliipapasa taulo ukutani, akaitupa juu yangu bila kuangalia, halafu akavua jaketi lake akaliongeza. Akanibeba. Nilikuwa na sabuni bado, nateleza mikononi mwake kama samaki, na alipokuwa akinibeba mkojo ulinitoka juu ya nguo zake. Nilijua. Yeye pia alijua. Aliendelea kutembea. Jirani mwenye gari alitupeleka hospitali, nami njia yote nilifumba macho, si kwa sababu ya maumivu.

Hospitalini walinipiga eksrei, wakakuta pafu la kulia limezama. Maji yalikuwa yamejaa kati ya pafu na mbavu. Daktari alinichoma sindano ya ganzi ubavuni, akapasua kidogo, akaingiza mrija, na mrija ukaenda mpaka kwenye chupa kubwa iliyowekwa chini ya kitanda. Maji yalianza kushuka, rangi ya chai isiyo na maziwa. Chupa ikijaa wanamwaga, inajaa tena. Nikivuta pumzi inatoa mapovu. Kila aliyeingia wadini aliitazama kwanza chupa kabla ya kunitazama mimi.

Kitanda cha pili kulikuwa na mama mmoja wa Majengo, mama Zuhura, mume wake ana bucha mjini. Alikuwa na sukari na kidonda mguuni. Kila mchana binti yake alileta supu ya mifupa kwenye chupa ya chai, na tangu siku ya kwanza walileta vikombe viwili. Mama Zuhura hakuniuliza nina nini. Alinikabidhi kikombe, akakichukua nikimaliza, akakinywea yeye mwenyewe kabla ya kukiosha. Sijui kama alifanya makusudi. Niligeuka nikaangalia ukuta, maana machozi yalikuwa yamenijia.

Baada ya muda daktari akataka picha kubwa zaidi ya kifua, na mashine ya hospitali ilikuwa imeharibika. Ilibidi niende kliniki ya mjini, ng'ambo ya barabara, na mrija wangu na chupa yangu. Nilikataa. Nilimwambia nesi nitangoja mashine itengenezwe. Mji wa Embu ni mdogo, na siku ile ilikuwa siku ya soko.

Mama Zuhura alikuwa ananisikiliza. Akavuta mfuko wake chini ya kitanda, akatoa buibui lake.

"Vaa hili," akasema. "Hili linaficha ng'ombe mzima."

Nikalivaa. Wawira alishika chupa ndani ya kiondo, mrija ukapita chini ya buibui, tukatembea polepole kama mabibi wawili wanaotoka sokoni. Hakuna aliyetugeukia. Ila tulipokuwa tunarudi tulikutana na katibu wa kwaya yetu. Alinitazama usoni, akalitazama buibui, akatusalimia haraka na kupita. Kabla jua halijatua Manyatta yote ilikuwa imesikia kwamba mama Wawira amesilimu. Nilicheka mpaka mrija ukaniuma. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mvua ndefu ya mwaka uliotangulia, na nilishangaa kwamba afadhali waseme hilo kuliko wajue kuhusu chupa.

Ile picha ilimleta daktari mwingine, wa mambo ya kifua, ambaye alikuwa anapita wadini kwetu mara moja moja. Alivuta kiti akakaa. Hilo lenyewe lilinitisha.

"Mama, umewahi kufanya kazi kiwandani? Migodini?"

"Hapana daktari. Mimi ni mkulima tu."

"Nyumba yako ina mabati ya aina gani?"

"Ya kawaida."

"Na mzee?"

Nikamwambia habari ya chelezo. Akaandika. Kisha akainua kichwa.

"Nguo zake za kazi alikuwa anafua nani?"

Nilimtazama kama mtu aliyeniuliza nani alikuwa anapumua. "Mimi," nikasema.

Alinieleza kwa ufupi. Ile kitu nyeupe ni asbesto. Vumbi lake halionekani vizuri kwa macho, linaingia kifuani na halitoki, linakaa miaka na miaka, halafu linaanza kazi. Alisema kuna aina ya ugonjwa inayoua, na kuna aina inayofunga pafu kama ganda, na hawezi kujua yangu ni ipi mpaka kipande kikatwe kikapimwe Nairobi.

Baba Wawira alikuwa amesimama pale miguuni mwa kitanda, kofia mkononi. Daktari alipoondoka nilingoja aseme kitu. Alirekebisha blanketi langu kwenye miguu, akasema anaenda kuangalia ng'ombe. Hakurudi siku iliyofuata, wala wiki ile. Wawira alikuwa ananiambia baba ana kazi nyingi shambani. Nilijua hakuna kazi nyingi shambani wakati ule. Nilifikiri amenichoka. Unapokuwa na mrija ubavuni unaamini haraka kwamba umechokwa.

Upasuaji ulifanywa Nairobi wakati wa baridi ya Julai, ile baridi ya manyunyu isiyokauka. Walinifungua ubavu, wakakwangua ule utando uliokuwa umelibana pafu, wakachukua kipande. Nina kovu linaloanzia chini ya titi mpaka mgongoni. Kwa muda sikuweza kuinua mkono wa kulia, Wawira alinivalisha na kunichana nywele kama mimi ndiye mtoto. Nilikuwa nimekonda hadi sidiria zangu zote zikawa kama za mtu mwingine. Wa kunitembelea walikuja kutoka kanisani, wameungana, wamebeba ndizi na maziwa. Waliniambia naonekana vizuri.

Kungoja majibu kulikuwa kugumu kuliko kisu. Mahali pale pa kungojea kuna mabenchi marefu na hakuna anayezungumza. Kila anayetoka ndani mnamtazama uso mnajaribu kusoma. Siku yetu ilipofika, baba Wawira alikuja. Alikaa mwisho wa benchi, mbali na mimi, kama mtu asiyetufahamu. Daktari alisema si saratani. Alisema pafu limeumia na halitarudi kama zamani, nitapungukiwa na pumzi maisha yangu yote, nitahitaji kuangaliwa kila mwaka, lakini nitaishi. Wawira alilia. Mimi nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

Ni Mwenda aliyetafuta wakili. Nilisikia kupitia kwa Wawira, kwa sababu tangu siku ya bafuni sikuwa nimemtazama Mwenda usoni. Nilirudi kwangu Manyatta moja kwa moja kutoka Nairobi, na alipoleta mboga au dawa nilikuwa naingia jikoni, jiko letu liko nje, nangoja huko moshini mpaka aondoke, na moshi ndio niliokatazwa.

Wakili anaitwa Kagendo, msichana mdogo, ofisi yake iko juu ya duka la vitambaa. Nilizipanda zile ngazi kwa kupumzika. Alituelezea hivi, nami naandika kama nilivyoelewa. Mfanyakazi mwenyewe ana njia yake: ugonjwa wa kazini unapelekwa kwa ofisi ya kazi ya serikali, anapimwa na daktari, na mwajiri au bima yake ndio wanaolipa. Lakini sheria hiyo haimjui mke. Mimi sikuajiriwa na mtu. Njia yangu ni kwenda mahakamani kusema kwamba kampuni ilizembea, ilijua au ilipaswa kujua lile vumbi ni sumu, na ikawaacha watu waende nalo nyumbani kwenye nguo. Muda wa kawaida wa kushtaki ulikuwa umepita zamani, lakini kwa ugonjwa unaojificha namna hii mtu anaweza kuiomba mahakama ruhusa, akionyesha kwamba hangeweza kujua mapema. Akatuonya kwamba ukishajua sababu, hapo muda unaanza kukimbia, usikae nyumbani ukifikiria. Na hata kampuni ikifungwa au kubadilisha jina, yapo mambo ya kufuatiliwa.

"Kitu cha maana sana ni shahidi," Kagendo akasema. "Mtu aliyekuwa huko chini kwenye meli, aseme walikuwa wanapewa nini na walikuwa wanaoga wapi. Na aseme nguo zilikuwa zinaenda wapi. Huyo ni mzee."

Sote tukamgeukia baba Wawira. Akasimama.

"Hiyo mimi siwezi," akasema, akashuka ngazi.

Nilikasirika kwa mara ya kwanza tangu niugue. Nyumbani nilimuuliza kwa nini. Alisema, "Nitasimama mbele ya watu niseme nini? Kwamba nilimletea mke wangu ugonjwa?" Nikamwambia hukujua. Akasema haidhuru. Hatukulizungumzia tena mpaka mvua za Oktoba zikaanza. Muda wote huo nilikuwa nafikiri: huyu anajali jina lake kuliko pumzi yangu.

Mwenda alikuja siku ya mvua, mchana. Nilisikia pikipiki nikakimbilia jikoni kama kawaida. Lakini safari hii hakuleta kitu. Alikaa na baba Wawira pale kwenye veranda, na ukuta wa jiko ni wa mbao, nilisikia kila kitu.

"Baba," Mwenda akasema, "mimi sijakuja kukulazimisha. Nataka tu kujua unaogopa nini."

 Mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Naogopa mke wako," akasema.

"Wawira? Wawira hana neno na wewe."

"Alikuwa mdogo. Alikuwa ananingoja kwenye geti. Kila siku. Akiniona anakimbia, mimi namwinua vile nilivyo, na hiyo vumbi yote. Alikuwa anaweka uso wake hapa." Sikuona alipogusa, lakini nilijua ni shingoni. "Wakili ataniuliza nguo zilienda wapi. Nikianza kusema siwezi kuacha hiyo ya geti. Na nikishasema, itakuwa kweli."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Kutokuja hospitalini, kukaa mwisho wa benchi, kushuka zile ngazi za wakili, yote nilikuwa nimeyasoma vibaya. Nilidhani ananionea aibu. Kumbe alikuwa hawezi kunitazama bila kumwona binti yake.

 Nikasikia benchi likisogea, halafu sauti ambayo sijawahi kuisikia, mwanamume mzima analia kwa kujizuia. Sikujua ni yupi kati yao. Nilitoka jikoni, nikapita kwenye mvua, nikapanda veranda. Walikuwa wanalia wote wawili. Kulikuwa na benchi moja tu pale na nafasi ilikuwa karibu na Mwenda. Nikakaa hapo. Alishtuka, akataka kuinuka kunipisha.

"Kaa," nikamwambia. "Wewe ulishanibeba."

Aliangalia chini. "Mama, mimi siku ile sikuona kitu," akasema.

"Najua. Asante."

Ni hayo tu. Hatujazungumzia tena. Wazee wengine wangesema palihitajika mbuzi ili mambo yarudi sawa. Sisi tulikunywa chai.

Wiki ile baba Wawira alikwenda kwa Kagendo akasema yote. Nilikuwa nimekaa kando yake. Alieleza jinsi walivyobandua ile kitu kwa mikono na patasi, jinsi vumbi lilivyokuwa linazuia taa, jinsi walivyofunga vitambaa puani walivyojinunulia wenyewe. Alieleza kwamba hapakuwa na mahali pa kubadilishia nguo ila kwa wakubwa. Alipofika kwa habari ya geti alisimama, akanywa maji, akaendelea. Kagendo akamtuma apigwe eksrei. Yake pia ina madoa, na hakuwahi kukohoa hata siku moja. Madai yake yako kwa ofisi ya kazi. Yangu, mahakama ilitupa ruhusa ya kuendelea. Kesi haijaisha, na wakili wa ile kampuni ameshaniuliza maswali ambayo yalinifanya nitake kujifunika leso usoni, mpaka habari za mkojo. Niliyajibu. Wawili kati ya wale waliofanya kazi na mume wangu wamekubali kusema, na mmoja ndiye mume wa yule mama wa Ruiri.

Kwa hivyo kama unasoma hii na mume wako, au baba yako, aliwahi kufanya kazi kwenye meli, au mahali popote pa vumbi kama lile, mwambie daktari hata kama hajakuuliza. Yule wa kifua alikuwa wa kwanza kuniuliza, na nilikuwa nimeshamaliza dawa za ugonjwa ambao sikuwa nao. Sema nani alifua. Aibu yangu haijaisha, siwezi kukudanganya. Bado navaa vitambaa, bado napumzika njiani. Ila sasa nikisimama sisifu tena maharagwe ya watu. Nasema, "Ngoja nivute pumzi," nao wanangoja.

Wawira tulimwambia sisi wawili, baba yake ndiye aliyesema. Akaenda kupigwa picha siku ya likizo ya shule. Tulimsindikiza sote, na Mwenda akafunga duka. Pale kwenye benchi baba Wawira alikaa karibu na mimi, bega kwa bega, na nilimsikia akipumua kwa hesabu kama mimi ninavyopumua. Wawira alipotoka uso wake haukuonyesha kitu, akatupita, akaenda kwa daktari, tukaingia nyuma yake. Daktari alisema kifua ni safi. Akasema safi kwa sasa, aangaliwe kila baada ya muda, asivute sigara, asipuuze kikohozi. Lakini safi.

Tukaenda kula kwenye hoteli moja mjini. Mwenda aliagiza nyama kwa wote. Chakula kikaja, sote tukaanza, isipokuwa baba Wawira. Alikuwa anaitazama sahani yake. Mwishowe akasema kwa Kiembu, polepole, mbele ya watu wote waliokuwa wakila pale, kwamba anamwomba binti yake msamaha kwa kila jioni aliyomwinua pale getini.

Wawira aliweka kijiko chini.

"Baba," akasema, "mimi sikumbuki vumbi. Mimi nakumbuka tu kwamba ulikuwa unarudi nyumbani."

Akamsogezea chumvi. Mume wangu akanawa mikono tena, ingawa alikuwa ameshanawa, akaanza kula.